Wito: Tuandike Habari za Koo Zetu

Ndugu wakazi wa Temeke, Kinondoni na vitongoji vyote vya Dar es Salaam,

Mwalimu wa Mbagala akiita daftari la mahudhurio asubuhi, anaizunguka nchi nzima akiwa kitini: Mwaipopo, Massawe, Rweyemamu, Haule, Masanja, Pazi. Wamo pia watoto ambao jina lao la tatu ni Shomari au Kibwana, yaani jina la babu, basi.

Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Haikutuuliza kabila, mara ya mwisho sensa kuuliza hilo ilikuwa mwaka 1967. Ni jambo jema, limetusaidia kuishi kama Watanzania. Lakini pia habari za tulikotoka hazimo kwenye makabrasha ya serikali. Zimo vichwani mwa wazee wetu, nao kila mwaka tunawazika.

Kwa jadi ya Pwani, jina la babu hukoma kwa mjukuu. Vitukuu hawana tena jina la mzee aliyefungua uwanja wa familia. Kwa Wachaga na Wanyakyusa, jina la ukoo hushuka kutoka kwa baba hadi kwa mtoto. Hapa mjini jadi hizi zimechanganyika hata ndani ya nyumba moja: kaka kaandikishwa shule kwa jina la babu, mdogo wake kwa jina la ukoo. Siku baba akifariki, mahakama ya mwanzo inataka muhtasari wa kikao cha familia, majina ya warithi hayalingani na vyeti, na mbio za hati za kiapo zinaanza wakati matanga hayajaanuliwa.

Zaidi ya karatasi, kuna historia. Jina la Gama, la kawaida kule Songea, asili yake ni kusini kabisa mwa Afrika. Lilifika na Wangoni, ambao kundi lao kubwa lilivushwa mto Zambezi na Zwangendaba mwaka 1835. Na jina la Nyerere lilianza kama jina la mtu mmoja, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake. Tunayajua haya kwa kuwa kuna mtu aliuliza, na mwingine akaandika. Babu yako wa Tandika au Mwananyamala ana habari kama hizo; hajaulizwa tu.

Kwa hiyo nawaombeni tufanye mambo matatu.

Kwanza, nunua daftari. Kaa na mzee, mwulize baba wa babu aliitwa nani, alizaliwa kijiji gani, nani wa kwanza kuja Dar es Salaam, alifikia kwa nani na alifuata kazi gani. Uliza miiko ya ukoo. Upande wa mama usiuache. Bibi mara nyingi ndiye anayekumbuka zaidi.

Pili, kubalianeni kama familia jina la tatu litakuwa lipi na litaandikwaje. Lilingane kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA. Herufi moja inayotofautiana inatosha kukurudisha dirishani.

Tatu, msisubiri msiba. Koo nyingi siku hizi hukutana makaburini. Tumieni Idi, Krismasi au Pasaka, someni daftari mbele ya watoto, na wazee wasahihishe.

Tusifanye haya ili kubaguana. Mngoni na Mhehe wanataniana hata msibani kwa sababu kila mmoja anajua mwenzake ni nani.

Mzee yupo, daftari haligharimu kitu kikubwa, na Jumapili hii una nafasi. Nenda ukamwulize.