AFYA YA JAMAA: Chembe Nyekundu na Amri ya Kiini

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, ndogo mno hata hazionekani pasipo hadubini. Kila chembe ina sehemu zake, na kila sehemu ina wajibu wake. Utando wa nje ni mithili ya lango la kambi: huchagua kiingiacho na kitokacho. Ndani yake mna kiini, kinachohifadhi amri za urithi, nusu za baba na nusu za mama. Vijisehemu viitwavyo ribosomu hufuata nakala za amri hizo kuunda protini. Mitokondria hutumia chakula na oksijeni kuipatia chembe nguvu.

Chembe nyekundu za damu zina desturi ya pekee. Huzaliwa katika uboho wa mifupa zikiwa na kiini, lakini hukitupa kabla ya kuingia katika damu, ili zibebe kwa wingi himoglobini, protini ichukuayo oksijeni. Huishi siku 120 hivi, na katika muda huo hutumikia kwa kile zilichokwisha kupewa.

Basi amri ya kuunda himoglobini ikiwa na kosa, kosa hilo haliondoki. Mtoto akilirithi kwa wazazi wote wawili, himoglobini yake hushikamana inapokosa oksijeni, na chembe hupinda kama mundu. Huo ndio ugonjwa wa selimundu. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, zikaleta maumivu makali ya mifupa. Nazo hufa upesi, damu ikapungua.

Nyumba nyingi zimevunjika kwa sababu mama alilaumiwa, au jirani alishukiwa uchawi. Lawama hizo hazina msingi. Mwenye kurithi kosa kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huwa mzima, tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huu umeenea palipo na malaria. Mwaka 1949 wataalamu Lehmann na Raper walitangaza kwamba nchini Uganda, miongoni mwa Baamba, watu wapatao 45 katika kila 100 walikuwa nao.

Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Baba na mama wamechangia sawasawa, wala hakuna aliyekusudia.

Inafaa, kwa hiyo, wachumba wapimwe damu kabla ya ndoa. Mtoto mwenye selimundu naye apimwe mapema, apewe chanjo na dawa za kinga kama aagizavyo daktari, anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akitunzwa hivyo, aweza kukua, kusoma na kulitumikia taifa lake.