Nguvu ya Mpiganaji Haipimwi kwa Kujumlisha

Mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, humpa kila mhusika wa kubuni tarakimu zake: nyingine huonyesha uhai alio nao, nyingine ukali wa pigo lake. Mwalimu wa hisabati wa Hanga, mkoani Ruvuma, hana haja ya kuuagiza kutoka ng'ambo. Karatasi na dadu zilizochongwa kwa mbao zatosha. Ila atakutana mara moja na swali ambalo wanafunzi hulijibu kwa haraka mno: kati ya wapiganaji wawili, yupi mwenye nguvu zaidi?

Jibu la kawaida ni kujumlisha. Mathalani, mmoja ana pigo la 10 na uhai wa 10. Mwingine ana pigo la 2 na uhai wa 18. Kila mmoja ana jumla ya 20, basi husemwa kuwa wako sawa. Wapiganishwe! Baada ya mizunguko miwili yule wa pili amepigwa mapigo ya 20, naye amekwisha kufa. Wa kwanza amepoteza 4 tu. Sababu yake si ngumu. Muda anaodumu mpiganaji ni uhai wake ukigawanywa kwa pigo la adui, kwa hiyo kinachostahili kulinganishwa ni pigo likizidishwa kwa uhai: 100 kwa 36.

Kuzidisha kuna tabia ambayo kujumlisha hakuna. Namba moja ikikaribia sifuri, tokeo lote hukaribia sifuri, hata nyingine ikiwa kubwa namna gani. Katika Ungoni jambo hili si la mchezo. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wapiganaji wengi wenye mikuki walikabili bunduki za rashasha. Mkuki hauna pigo mpaka umfikie adui, na risasi huua kabla ya hapo. Ushujaa haukupungua, kilichozidishwa nao ndicho kilichokuwa kidogo. Dawa ya maji iliahidi kuziba pengo hilo hilo, yaani kuzuia risasi, na anayeiita ujinga mtupu hajatazama tatizo lilikuwa wapi. (Wala haifai viongozi walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 wafanywe vipande vya mchezo, wahusika wa kubuni watosha.)

Hata hivyo, kuzidisha nako si neno la mwisho. Zichongwe dadu tatu. Ya kwanza iandikwe 2, 4 na 9, kila namba mara mbili. Ya pili 1, 6 na 8. Ya tatu 3, 5 na 7. Wastani wa kila moja ni 5. Lakini katika matokeo 36 yawezekanayo, ya kwanza huishinda ya pili mara 20. Ya pili huishinda ya tatu mara 20. Na ya tatu, kinyume cha matarajio yote, huishinda ya kwanza mara 20. Hapo swali la nani mwenye nguvu kuliko wote halina jibu, maana nguvu imo kati ya wawili wanaokutana.

Daftari la alama nalo hupanga darasa zima kwa wastani mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu atakayezitumia dadu hizi ajiandae kuulizwa juu ya daftari hilo.