Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Tusiidharau Kazi ya Maabara

Ukiingia katika madarasa ya Sayansi ya shule yetu na kuwauliza wanafunzi wataka kufanya kazi gani baadaye, wengi watakujibu, "Udaktari." Ni jibu jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini mimi naona tumeisahau kazi nyingine ambayo bila yake daktari hana cha kumpa mgonjwa. Nayo ni kazi ya mtu akaaye maabara miaka na miaka akimchunguza kidudu mmoja, apate kujua wapi atampiga.

Tuchukue ugonjwa wa malale, ambao watu wa Afrika ya Mashariki waujua tangu zamani. Huletwa na kidudu aitwaye tripanosoma, ambaye mbung'o humtia mwilini mwetu aumapo. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa Busoga. Kwanza kidudu hukaa damuni. Baadaye huingia ubongoni, na hapo mgonjwa husinzia mchana, akili humpotea, na asipotibiwa hufa.

Kumwua kidudu huyu si kazi ngumu. Moto humwua, na sumu humwua. Taabu ni kumwua bila kumwua na mtu aliyembeba. Dawa ya melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake. Iliwaponya wengi, walakini katika kila wagonjwa 100 waliochomwa sindano hiyo, kama 5 waliuawa na dawa yenyewe. Hapo ndipo mtu wa maabara atakiwapo. Hana budi kutafuta kitu alicho nacho kidudu, na sisi hatuna. Kitu hicho ndicho shabaha ya dawa.

Profesa Alan Fairlamb alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha akachagua maabara. Mwaka 1985, akiwa New York, yeye na wenzake walitangaza jambo la ajabu. Sisi wanadamu hutumia kitu kiitwacho glutathayoni kuzikinga seli zetu na madhara ya oksijeni. Tripanosoma huunganisha glutathayoni mbili kwa kitu cha tatu, akapata kinga yake mwenyewe, nayo ikaitwa tripanothayoni. Mwanadamu hana kitu hicho. Mwaka 1989 walionyesha kwamba melasoproli hujishikiza papo hapo. Dawa iliyokuwa imetumika miaka 40 ikaanza kueleweka.

Najua mzazi atauliza, "Je, kazi ya miaka hiyo yote imeleta kidonge gani?" Swali hili ni la haki. Dawa iliyotengenezwa makusudi kuipiga tripanothayoni haijafika hospitalini. Vitu vingi hushinda katika chupa vikashindwa katika panya, na vingine hushinda katika panya vikashindwa katika mtu. Lakini asiyeujua mlango wa adui hupiga ukuta tu. Tena subira huzaa. Wataalamu walipoanza mwaka 2005 kupekua kemikali za zamani zilizoachwa, waliikuta feksinidazoli. Leo ni vidonge vya kumeza kwa siku 10. Mwaka 2018 vilipitishwa kwa malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Na mwaka 2024, baada ya kujaribiwa Malawi na Uganda, Shirika la Afya Duniani liliviweka mbele kwa malale ya upande wetu pia.

Liko na jambo jingine, nalo lauma. Dawa ya eflonithini iliweza kuponya malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati hata yakiwa yamefika ubongoni. Walakini katika miaka ya 1990 iliachwa kutengenezwa, kwa kuwa haikuleta faida. Mwaka 2000 kitu hicho hicho kilipata soko Marekani, katika malhamu ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake. Mwaka 2001, baada ya madaktari kupiga kelele, watengenezaji walikubali kuitoa tena kwa wagonjwa wa malale. Tafakarini, wenzangu. Nywele za usoni zilikuwa na uzito sokoni kuliko uhai wa mtu wa kijijini.

Basi, ni nani atakayemchunguza kidudu wa mnyonge, kama si mtoto wa mnyonge? Maabara tunazo hata kwetu. Ile ya Ifakara ilifunguliwa mwaka 1957. Kinachotakiwa ni watu.

Kwa walimu nasema: tupeni nafasi ya kushika darubini kwa mikono yetu wenyewe, maana mchoro wa ubaoni hauogelei. Kwa wazazi nasema: mtoto akisema ataka kuchunguza vidudu, msimcheke wala msimwambie kwamba amepoteza ada. Na kwenu wanafunzi wenzangu: aliye na huruma na wagonjwa aende wodini, lakini aliye na huruma pamoja na subira, na akajiuliza daima "kwa nini," huyo aende maabara. Daktari humwokoa mgonjwa aliye mbele yake. Mtu wa maabara huwaokoa wale ambao hatawaona kamwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita