Kadi ya Michoro: Ibadilishwe Lini?

Kijana wa Tanga apendaye michezo ya kompyuta, picha zianzapo kukwama kwenye kioo, hukimbilia kuilaumu kadi ya michoro. Ndiyo sehemu inayosifiwa sana, tena mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote. Hudunduliza fedha, huagiza nyingine Dar es Salaam, na pengine hugundua kwamba maradhi yangalipo.

Hukumu ya haki huanza kwa jaribio lisilogharimu hata senti. Mchezo ule ule uchezwe kwa picha za nukta 1280 kwa 720 badala ya 1920 kwa 1080. Kwa kufanya hivyo kadi hupunguziwa zaidi ya nusu ya nukta inazopaswa kuchora. Mwendo ukiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Usipoongezeka, yaelekea aliyelemewa ni prosesa, na kadi mpya haitafaa kitu. Kioo nacho kitazamwe: kile kinachobadili picha mara 60 kwa sekunde hakiwezi kuonyesha picha 120, hata kadi iwe na nguvu namna gani.

Pwani, tena, ina mambo yake. Kadi kama GTX 1060 ya mwaka 2016 huanza kujipunguzia mwendo ikaribiapo nyuzi 83 za Selsiasi, ili isiungue. Chumba chenye paa la bati huko Ngamiani, wakati wa kaskazi, huwa kimekwisha kupata joto kabla mashine haijawashwa. Vumbi nalo, likichanganyika na unyevu wa chumvi utokao baharini, hugandamana kwenye mapezi ya kupozea, na feni huzunguka bure. Kadi ya namna hiyo haijazeeka, imezibwa pumzi. Kuisafisha kwa brashi na kupaka upya dawa ya kupitishia joto ni kazi ya fundi ya saa chache, nayo yapasa itangulie ununuzi wowote. Ajabu ni kwamba mteja huelezwa habari za kadi mpya kabla kifuniko cha ile ya zamani hakijafunguliwa.

Umeme usisahauliwe. Kompyuta nyingi za mitumba hutoka maofisini, na pawa saplai zake ni ndogo. GTX 1050 Ti hutumia wati 75 tu, zinazoweza kupatikana kwenye ubao mkuu wenyewe. RTX 3060 ya mwaka 2021 hudai wati 170. RTX 4060 ya mwaka 2023 hutosheka na wati 115, ingawa ina mwendo zaidi.

Hata hivyo uvumilivu nao una mpaka. Kampuni ya NVIDIA iliamua kwamba baada ya Oktoba 2025 kadi za jamii ya Pascal, GTX 1060 ikiwamo, zisitengenezewe tena programu za michezo mipya, ila marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotoka mwaka 2024, hauikubali kabisa kadi isiyo na vipimo vya kukokotoa miale ya mwanga. Autakaye mchezo huo ana sababu ya kununua, wala asicheleweshwe.

Akienda kwenye mitumba, atazame kwanza matundu ya waya. Yakiwa na kutu ya kijani, kadi hiyo imekwisha kula chumvi ya bahari, hata muuzaji aape namna gani.