Lang'ata si ngome ya mtu

Kila baada ya miaka mitano, Kenya nzima inakodolea macho Bomas. 2013, 2017, 2022, watu wamekesha mbele ya TV wakingoja kusikia Kiambu imeleta ngapi na Homa Bay imeleta ngapi. Sasa jiulize: Bomas yenyewe iko eneobunge gani? Niliuliza mabeshte wangu wiki jana, na hata wale wanaopita hapo kila asubuhi kwa matatu ya Rongai walibaki kuangaliana. Iko Lang'ata. Kura za nchi yote zinatangazwa Lang'ata, na hakuna mtu anauliza Lang'ata yenyewe inapiga kura vipi.

Ukiuliza, jibu ni moja: "Hiyo si ni ngome ya Baba?" Hiyo stori nimeisikia tangu nikiwa mdogo na ni nusu tu ya ukweli. Na hiyo nusu inatufanya wavivu.

Angalia hii sehemu ilivyo. Wadi ni tano: Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Karen mtu ana farasi. South C ukitoka msikitini Ijumaa utasikia Kisomali, Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Nairobi West usiku haulali, nadhani hiyo mnaijua kuliko mimi. Nyayo Highrise, penye keja yangu, ukichungulia dirishani unaona mabati ya Kibra. Sensa ya 2019 ilipata Lang'ata watu karibu 197,000. Ongeza Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ingawa simba hawajawahi kuandikishwa (kwa Kenya hii usiape).

Sasa nani wamewahi kukalia hicho kiti? Miaka ya mwanzo ya 70 mbunge alikuwa Yunis Ali, Mnubi. Wanubi ni watu wa Kibera tangu enzi za mkoloni, na wakati huo Kibera ilikuwa ndani ya Lang'ata. 1974 akaingia Mwangi Mathai. Ndiyo, mume wa Wangari Maathai wakati huo. Hapa kuna stori ambayo ningependa tungefundishwa shuleni. Jamaa kwenye kampeni aliahidi watu wa Lang'ata kazi. Alipochaguliwa, mkewe ndiye alikosa usingizi juu ya hiyo ahadi, akaanzisha kampuni inaitwa Envirocare ili watu waajiriwe kupanda miti na kutunza bustani za matajiri. Kampuni haikufika mbali. Lakini wazo la miti halikufa, na 1977 likazaa Green Belt Movement, na 2004 mama akachukua Nobel. Yaani ahadi ya kampeni iliyotolewa kwa watu wa Lang'ata ndiyo ilimsukuma. Wanasiasa wangapi leo wana mtu nyumbani wa kuwauliza ile kazi uliahidi iko wapi?

Halafu 1979 Lang'ata wakachagua Philip Leakey. Mzungu, ndugu yake Richard Leakey. Miaka kumi na sita baada ya uhuru, watu wa Kibera na wa Karen walipanga foleni na kumpeleka mzungu bungeni. Najua, hiyo ilikuwa enzi ya KANU peke yake, kwa hivyo watu walikuwa wanachagua sura na si chama. Lakini hebu jibu: Mnubi, Mkikuyu, mzungu, moja baada ya nyingine, kiti kimoja. Hiyo ni ngome ya nani?

Baba anaingia 1992, na hapa ndipo hesabu inanoga. Mzee wake, Jaramogi, alikuwa na Bondo. Raila angeweza kwenda ocha apewe kiti kwa sahani. Badala yake akaomba kura Lang'ata, akashinda kwa tiketi ya FORD-Kenya. Akakosana na chama, akajiuzulu, akarudi kwa watu kwenye uchaguzi mdogo mapema 1997 akiwa na NDP, akashinda. Desemba mwaka huo huo akashinda tena. 2002 akashinda na NARC. 2007 na ODM. Mara tano, vyama vinne. Kwa hivyo hata hapo haikuwa ngome ya chama. Watu walikuwa na mtu wao, na vyama vilikuwa kama matatu tu ya kumfikisha.

Na hiyo 2007 Lang'ata ilikuwa na nguvu ambayo wengi wetu hatuijui kwa sababu tulikuwa tunanyonya vidole. Katiba ya zamani ilisema rais lazima pia awe mbunge wa kuchaguliwa. Ukishinda kura za nchi nzima halafu uangushwe nyumbani, umekwisha. Ndiyo maana ile kampeni ya Stanley Livondo dhidi ya Raila haikuwa mchezo vile watu huikumbuka. Eneobunge moja lingeweza kufunga mlango wa Ikulu.

Kisha ikaja 2012. Katiba mpya ilikuwa imeongeza maeneobunge kutoka 210 hadi 290, Nairobi ikatoka 8 ikawa 17, na tume ikachora mstari katikati ya Lang'ata ya zamani. Kibra ikawa kivyake.

Huo mstari ndio ulibadilisha kila kitu. Kibra iliendelea na ODM bila kupepesa macho: Ken Okoth 2013 na 2017, na alipofariki 2019, ndugu yake Imran alipata zaidi ya kura 24,000 dhidi ya 11,000 na kitu za McDonald Mariga, na Mariga alikuwa amepigiwa debe na vigogo wa Jubilee. Lang'ata iliyobaki ikawa kitu kingine kabisa. 2013 ilimchagua Joash Olum wa ODM. 2017 ikamchagua Nixon Korir wa Jubilee. 2022 ikarudi ODM na Jalang'o, tena kwa tofauti ndogo, Korir akiwa amehamia UDA. Chaguzi tatu, wabunge watatu, na hakuna aliyetetea kiti akakihifadhi.

Sasa Jalang'o. Mapema 2023 alionekana Ikulu kwa Ruto, ODM ikawaka, na mwaka huo huo chama kikatangaza kumfukuza. Machi 2025 Raila na Ruto wakatia saini makubaliano mbele ya kamera. Mimi simtetei Jalang'o, sikumpigia kura. Lakini kama kosa lilikuwa kwenda Ikulu, basi alifukuzwa kwa kufika mapema. Na Oktoba 2025 Baba akaenda, mtu aliyebeba hilo jina la "ngome" miaka yote. Kwa hivyo 2027 Lang'ata haina hata kisingizio cha kusema inafuata mtu.

Nilisema sikumpigia kura Jalang'o. Ni kwa sababu sikumpigia mtu yeyote wa Lang'ata. Nilijiandikisha Oktoba 2021 nikiwa nyumbani Vihiga, kabla sijaingia chuo (na kabla sijatoka chuo, hiyo ni stori ya siku nyingine). Agosti 2022 nilipanda basi la usiku, nikapiga kura, nikala kuku ya mathee, nikarudi Nairobi. Nilichagua mbunge wa mahali nakaa wiki mbili kwa mwaka.

Na si mimi peke yangu. Kwenye ploti yetu tuko vijana tisa. Walioandikishwa Lang'ata ni wawili. Wengine kura zao ziko Kisii, Machakos, Nyeri, na mmoja hana kabisa. Halafu sisi ndio tunapiga kelele wa kwanza maji yakikosa na mfereji ukifurika. Mvua ya 2024 ilipojaza barabara za South C, niliona watu niliosoma nao wakirekodi video na kuuliza "viongozi wako wapi?" Kiongozi wako yuko Kakamega, bro. Huyu wa hapa hakujui. Akifungua daftari la wapiga kura jina lako halimo, kwa nini akuogope?

Kuna hoja moja ya watu wa ocha ambayo ni nzito, na siwezi kuiruka. Wanasema kura ya rais ni ile ile popote, na nyumbani ndiko shamba liko, ndiko wazazi wako, ndiko barabara ni mbaya zaidi. Ni kweli. Lakini siku hiyo tunapewa karatasi sita. Ya rais ni moja. Zile zingine tano, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, zinahusu pale mahali. Na mathee wako ana zake sita tayari. Ni wewe huna za kwako pale unapolipa rent.

Isitoshe, Raila mwenyewe, mtu wa Bondo mpaka mwisho, 2022 alipiga kura wapi? Kibera Primary. Ruto alipiga Kosachei, Uhuru alipiga Gatundu, yeye akasimama kwenye foleni Nairobi. Wale wanaokuambia mtu hupiga kura kwao, wakumbushe hiyo.

IEBC ilifungua tena uandikishaji Septemba 2025, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kuhamisha kura ni kwenda na kitambulisho ofisi ya tume ya eneobunge unalotaka kupigia. Na kama Lang'ata iliweza kupinduka 2017 na ikapinduka tena 2022 huku nusu ya ploti kama yetu ikiwa kwenye mabasi ya usiku, fikiria tu.

Jana nilimpigia mathee nikamwambia nataka kuhamisha kura. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hivyo Agosti hutakuja nyumbani?"

Nikamwambia nitakuja Krismasi.

"Sawa. Lakini huyo MCA wetu akishinda tena, ni wewe nitalaumu."

Ofisi inafunguliwa Jumatatu. Naenda na wale watano wa ploti, na yule wa sita asiye na kura kabisa tutamwamsha kwa maji baridi.