Simu Iliyofungiwa Si Zawadi

Mwaka jana mdogo wangu aliyeko Tanga alianza chuo. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka upande mmoja, na herufi "a" ilikuwa haibonyezeki kabisa, hata kila ujumbe wake ukawa kama kitendawili. Nikamwahidi simu. Sisi tunaosoma huku Uingereza tunajua uzito wa ahadi kama hiyo. Nyumbani wanaamini kwamba London simu zinaokotwa.

Nikaona tangazo mtandaoni: simu safi, imetumika mwaka mmoja, pauni 230. Dukani, ya aina hiyohiyo iliyotumika ilikuwa pauni 340. Tulikutana na muuzaji nje ya stesheni ya treni, mchana kweupe, watu wamejaa. Alikuwa mpole, amekuja na boksi, chaja na karatasi aliyosema ndiyo risiti. Nikaweka laini yangu, ikasoma. Nikapiga picha, nikampigia rafiki, tukasikilizana vizuri. Nikamtumia pesa kwa benki palepale. Nilirudi chumbani nikijiona mtoto wa mjini.

Siku ya kumi na tisa laini ikaacha kusoma. Nilidhani ni mtandao. Nikaihamishia kwenye simu yangu ya zamani, inasoma. Kijana wa duka la simu akabonyeza *#06#, akaingiza tarakimu 15 za IMEI kwenye kompyuta yake, kisha akanigeuzia nione mwenyewe: simu imeripotiwa, imefungiwa na kampuni za simu za hapa. Muuzaji hapatikani, tangazo limefutwa. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nililifungua na mbuzi nikamtazama meno.

Lakini siandiki ili kumlalamikia yule tapeli. Nataka kuzungumzia yaliyofuata, ambayo yalitokea miongoni mwetu wenyewe.

Nilipowasimulia wenzangu, karibu wote walinipa ushauri mmoja: "Itume Tanga. Kule itasoma." Mmoja akaongeza kwamba hata nauli nisihangaike nayo. Yupo mtu anayekusanya simu za namna hiyo, atanipa pauni 90, na mzigo wake unaondoka Ijumaa. Walisema kwa nia njema kabisa. Na kwa upande wa ufundi hawakukosea sana. IMEI ikifungiwa hapa, kampuni za simu za Uingereza hukataa kuihudumia simu hiyo, lakini orodha hiyo haifuatwi na kila kampuni katika kila nchi. Simu iliyokufa London inaweza kufufukia kwingine. Hiyo ndiyo sababu mojawapo inayoufanya wizi wa simu uendelee kulipa.

Nakiri kwamba nilitamani. Palikuwa na jamaa anasafiri, na simu nilikuwa nimeshaivika soksi tayari kuingia kwenye sanduku lake. Kilichonirudisha nyuma ni swali dogo: mbona simu hii haikuwa na kufuli la akaunti ya mwenyewe? Simu janja za siku hizi hufungwa kwenye akaunti ya mmiliki, na kufuli hilo huifuata simu hata ikifutwa kila kitu. Likiondolewa, ama mwenyewe amelitoa, ama kuna aliyechungulia namba yake ya siri kabla ya kumpora. Wapo pia wanaouza simu zao halafu wakaripoti kwamba zimepotea ili walipwe bima. Wapo wanaochukua simu ya mkataba kwa jina la mtu mwingine, wakaiuza na kuacha deni. Simu yangu ilipitia njia ipi sijui. Ninachojua ni kwamba katika njia hizo kuna mtu au kampuni iliyoibiwa kabla yangu.

Sheria ya hapa haina huruma katika jambo hili. Ukinunua kitu cha wizi, hata kama ulilipa kwa moyo mweupe, hakiwi chako. Na Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 inamtia hatiani anayepokea mali au kusaidia kuiuza huku akijua, au akiamini, kwamba imeibwa. Wale wanaojitolea "kuibadilisha IMEI" nao wakae chonjo. Tangu mwaka 2002 ipo sheria maalumu inayofanya jambo hilo kuwa jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano.

Najua jibu litakalokuja: nyumbani kuna shida, simu ipo, kwa nini ioze kabatini? Ni hoja nzito, na anayeitoa si mwizi. Lakini tuifikirie hadi mwisho. Kwanza, nani amesema itasoma siku zote? Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia. Watu waliozinunua kwa jasho lao waliamka wakiwa na vipande vya plastiki mkononi. Simu zile zilikuwa na kasoro nyingine, lakini tulijifunza kwamba hata kwetu IMEI inasomwa na inaweza kufungiwa. Je, mdogo wangu akiulizwa simu ameipata wapi, aseme nini? Kwamba dada yake alijua?

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Katika vikao vyetu tunakasirika sana tukisikia Afrika inafanywa jalala la vitu vilivyokataliwa Ulaya. Tumeandika insha juu ya jambo hilo, na walimu wetu wametupa alama nzuri. Halafu simu ambayo hatuwezi kuitumia hapa, ambayo hatuwezi kumuuzia Mwingereza bila kuogopa polisi, tunaifunga kwenye karatasi ya rangi na kumpelekea mama. Kama haifai hapa kwa sababu ni ya wizi, haigeuki kuwa halali ikivuka bahari.

Niliipeleka simu kituo cha polisi, nikapewa karatasi. Kisha nikamwandikia mdogo wangu ukweli wote. Akajibu: "Hkun shid dd." Nilicheka, kisha nikalia kidogo.

Kuna jambo la pili tunalolifanya vibaya. Mtu akitapeliwa, sisi humpiga methali. Mimi nilipigwa "tamaa mbele, mauti nyuma" mara nne katika wiki moja. Lakini baada ya kusimulia kisa changu kwenye chai ya klabu, wanachama watatu walinifuata mmoja mmoja, pembeni, kunieleza kwamba nao waliingizwa mjini. Mmoja alikuwa amekaa na siri hiyo tangu mwaka wa kwanza. Hakuna kati yao aliyejua kwamba tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia mteja aliyelaghaiwa akatuma pesa mwenyewe kwenye akaunti nyingine ya humu nchini, mradi atoe taarifa ndani ya miezi 13. Benki inaweza kukata hadi pauni 100, na si kila ugomvi wa biashara unahesabiwa kuwa utapeli. Mimi, baada ya maswali mengi, nilirudishiwa pauni 130. Zisingerudi kama ningeendelea kuona haya. Tapeli anategemea aibu yetu kuliko anavyotegemea ujinga wetu.

Kuhusu kujikinga, mengi mnayajua: piga *#06#, linganisha namba na ya kwenye boksi, hakikisha akaunti ya mwenye simu imetolewa mbele ya macho yako, usimlipe mgeni kwa njia ya "rafiki na familia", kwa maana ulinzi wa mnunuzi unabaki nje. Ila niseme lile ambalo sikulijua. Kukagua IMEI kunakuonyesha hali ya leo tu. Yangu ingekaguliwa siku ile pale stesheni, huenda ingeonekana safi, kwa sababu simu inaweza kuripotiwa hata baada ya kuuzwa. Kinga kubwa ni kuwa na mtu wa kumrudia. Duka lina mlango. Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai pesa yako yote. Ile tofauti ya pauni 110 niliyodhani nimeiokoa ndiyo ilikuwa bei ya mlango huo.

Sasa ombi langu kwa klabu. Katika kundi letu la ujumbe, matangazo ya simu yanapita kila wiki, na kwa kuwa yameandikwa kwa Kiswahili tunayaamini haraka. Naomba tukubaliane mambo matatu katika mkutano ujao. Anayeuza simu awe mwanachama anayejulikana, na ampe mnunuzi IMEI faraghani kabla ya pesa kutoka. Tangazo lolote la kununua au kusafirisha simu zilizofungiwa lifutwe, hata kama aliyeliweka ni rafiki yetu. Na anayetapeliwa asimulie bila kupigwa methali.

Mdogo wangu alipata simu mwezi wa pili, ndogo kuliko niliyomwahidi, ya dukani, ina risiti yenye jina langu. Ujumbe wake siku hizi una herufi zote, na mwingi ni wa kuomba salio.