Umri wa Mtoto Uulizwe Kwanza

Katika kila shule yupo mtoto ambaye walimu humlalamikia: hatulii, hamalizi kazi, husahau daftari, hujibu kabla swali halijaisha. Zamani aliitwa mtundu. Siku hizi yapo maneno ya kitaalamu, nayo hubandikwa upesi vilevile.

Tatizo lenyewe si la kubuni. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake huko London habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Hata hivyo, mpaka leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo iwezayo kulithibitisha. Mpimaji hutegemea mazungumzo, na fomu za maswali zijazwazo na mzazi na mwalimu. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 wataka mtoto aonyeshe dalili zisizopungua 6 kati ya 9, ama za kukosa umakini, ama za kutotulia na pupa, kwa muda wa miezi 6; kwa kijana aliyetimiza miaka 17, dalili 5 zatosha. Baadhi ya dalili ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena si shuleni peke yake.

Lakini ajazaye fomu humpima mtoto kwa kumlinganisha na wenzake darasani. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, watoto huanza shule kwa kufuata mwaka wa kuzaliwa. Hivyo aliyezaliwa Desemba huketi pamoja na yule wa Januari aliyemzidi karibu mwaka mzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusu watoto zaidi ya 900,000, ulionyesha kuwa wavulana wa Desemba walitajwa kuwa na tatizo hili kwa asilimia 30 zaidi kuliko wa Januari, na wasichana kwa asilimia 70. Huenda baadhi yao walikuwa wadogo tu.

Ikiwa ndivyo ilivyo huko, sembuse katika madarasa yetu, ambamo umri hupishana kwa miaka miwili au mitatu! Kabla ya kumpeleka mtoto kwa daktari, mwalimu hana budi kufungua rejista atazame tarehe ya kuzaliwa, kisha aulize habari za masikio, macho, usingizi na chakula cha asubuhi. Na amkumbuke pia msichana akaaye kimya nyuma ya darasa, macho dirishani, ambaye hamsumbui mtu na kwa sababu hiyo hakuna amjaziaye fomu.